Kuisikiliza Klachi ya Massey

Gari dogo likiharibika klachi, fundi hulala chini yake, akashusha giaboksi, na jioni mwenye gari ameshaondoka. Trekta la zamani halikubali hivyo. Chukua Massey Ferguson 135, trekta ambalo limelima nusu ya mashamba ninayoyafahamu kati ya Babati na Karatu. Halina chesi. Injini yenyewe ndiyo mwili wa mbele, giaboksi ndiyo mwili wa kati, difu ndiyo mwili wa nyuma, na vyote vitatu vimeunganishwa kwa bolti vikabeba uzito wote. Klachi imekaa ndani kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi. Ukitaka kuiona yote, lazima trekta litenganishwe vipande viwili: boneti itoke, tanki la dizeli litoke, nyaya, mabomba na fimbo za usukani zifunguliwe, nusu ya mbele ipate egemeo lake na nusu ya nyuma lake, kisha nusu moja isukumwe taratibu mbali na nyingine.

Hiyo ni kazi ya siku kadhaa kwa gereji iliyo chini ya mti. Nayo klachi haiharibiki trekta likiwa limepumzika. Huharibika mvua zikishaanguka, plau iko ardhini, na watu wa vijiji vitatu wameshalipa nusu ya fedha wakisubiri zamu yao ya kulimiwa. Ndiyo maana ujuzi ninaouheshimu kuliko wote katika gereji za mashambani ni ule unaotangulia spana: kujua, kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, kama kweli kuna haja ya kulifungua trekta, na kama ipo, utakuta nini ndani.

Nimewatazama mafundi wengi wakiifanya kazi hii. Anayenijia akilini ninapoandika haya ni fundi mmoja wa Babati, mtu mzima, aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, yale ya shirika la umma la NAFCO yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. Si mwepesi wa kusema. Kijana dereva anapofika na trekta lake, maneno huwa machache.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Linasemaje?”

“Halina nguvu. Plau ikishika tu, linakataa. Tajiri kasema klachi imekwisha, nije ufunge mpya.”

Mzee hajibu. Anapanda juu ya trekta.

Neno “halina nguvu” hufunika magonjwa manne tofauti, na klachi ni moja tu kati yake. Fundi anayeanza kufungua kwa kuamini maelezo ya mwenye mali atakuwa ameshapotea. Kwa hiyo swali la kwanza ni la sikio: plau ikishika udongo mgumu, mlio wa injini unapanda au unashuka? Injini iliyochoka hushuka. Inaguna, inatoa moshi mweusi, mizunguko inapungua, na usipokanyaga klachi inazimika. Hapo ugonjwa uko kwenye dizeli, kwenye filta, kwenye nozeli au kwenye pistoni, na klachi inashika sawasawa. Kwa kweli ni kwa sababu klachi inashika ndiyo injini inaelemewa. Klachi inayoteleza hufanya kinyume. Plau inashika, trekta linapunguza mwendo, lakini mlio wa injini unapanda juu kwa sababu mzigo umeiponyoka. Moshi haubadiliki. Baada ya muda kidogo inakuja harufu kali ya kuungua ambayo mtu akishainusa mara moja haisahau.

Swali la pili ni la jicho. Fundi humwambia dereva alime mistari michache, naye hutembea kando akiangalia tairi la nyuma. Tairi likizunguka huku trekta limesimama, klachi inafanya kazi yake. Tatizo ni tairi kipara, au plau imewekwa kina kupita kiasi, au uzito wa nyuma hautoshi. Tairi likisimama huku injini inanguruma, nguvu imepotelea njiani kati ya injini na tairi. Ni jambo rahisi kulisema, na bado nimeona matrekta yaliyofunguliwa bila mtu yeyote kutembea kando ya tairi hata hatua kumi.

Kuna pia matrekta ya Massey yenye Multi-Power, mfumo unaoongeza gia za polepole na za haraka bila kukanyaga klachi, ukitumia klachi yake ndogo ya ndani ya giaboksi inayobanwa kwa mafuta. Trekta la namna hiyo likiteleza upande wa haraka peke yake, na upande wa polepole likavuta vizuri, klachi kubwa haina kosa. Shida ni presha ya mafuta au klachi ile ndogo. Dereva wa Multi-Power ajue pia kwamba upande wa polepole injini haizuii trekta kwenye mteremko. Linateremka bure kama giaboksi iko huru, na katika milima ya Mbulu jambo hilo ni la kufa na kupona.

Tuseme sasa mistari imelimwa, mlio umepanda, tairi limesimama. Ni klachi. Hata hapo mzee wa Babati hashiki spana. Anashuka, anapiga goti kando ya pedeli, na anaibonyeza kwa mkono.

Mkono una sababu yake. Mguu umezoea nguvu na hauhisi mambo madogo. Ukibonyeza pedeli kwa vidole vya mkono, mwanzoni inashuka kirahisi, bila upinzani, halafu inagota kwenye kitu kigumu. Ile sehemu rahisi ya mwanzo ndiyo mchezo wa pedeli. Kitabu cha kila trekta kina kipimo chake, na kwenye matrekta mengi ya zamani huwa ni takriban inchi moja penye unyayo wa pedeli. Mchezo huo ndio habari kubwa kuliko zote unazoweza kupata bila kufungua chochote, na ili kuuelewa inabidi tuingie ndani kidogo.

Nyuma ya krenki kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini daima. Nyuma ya flaiwili iko klachi pleti, sahani nyembamba yenye lainingi pande zote mbili, ambayo katikati yake ina meno yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi. Nyuma yake tena iko presha pleti, yenye springi kali zinazoibana ile sahani dhidi ya flaiwili. Sahani ikibanwa, inazunguka na flaiwili, na shafti inazunguka nayo, trekta linakwenda. Dereva akikanyaga pedeli, uma unaisukuma rilizi beringi mbele, beringi inavibonyeza vidole vya presha pleti, vidole vinaivuta presha pleti nyuma, na sahani inabaki huru. Trekta linasimama, injini inaendelea.

Sasa fikiria lainingi zinapolika. Sahani inakuwa nyembamba, kwa hiyo presha pleti inasogea mbele kuelekea flaiwili ili iendelee kuibana. Vidole vimeshikiliwa kwenye egemeo, kwa hiyo upande mmoja ukienda mbele, ncha zake za ndani zinarudi nyuma, kuelekea rilizi beringi. Nafasi kati ya vidole na beringi inapungua. Maana yake ni hii: klachi ikiisha, mchezo wa pedeli haukui, unapungua. Madereva wengi hudhani kinyume, kwamba kuchakaa huleta kulegea. Ukikuta mchezo umekwisha kabisa, beringi inavigusa vidole muda wote na kuvibonyeza kidogo, kama vile kuna mguu usioonekana juu ya pedeli. Springi haziwezi tena kubana kwa nguvu yao yote. Klachi inateleza hata kama lainingi bado zina unene wa kutosha.

Hapo ndipo ujuzi unapoanza kulipa. Fundi analegeza nati ya kurekebishia, anarudisha mchezo kwenye kipimo, anafunga, na kumwambia kijana aende akalime tena mstari. Mara kadhaa nimeona trekta lililoletwa likafungwe klachi mpya likiondoka hivyo hivyo, kwa kazi ya spana mbili. Lakini mzee hamwachi kijana aende bila kumwuliza: “Mara ya mwisho mlirekebisha lini?” Kama ni miezi mingi, sawa. Kama ni wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake, na nati imefika mwisho wa uzi wake, basi lainingi zimekwisha na marekebisho ni kuahirisha tu. Jibu la swali hilo ni kipimo kizuri kama rula yoyote.

Kuna jaribio moja la kuthibitisha utelezi ambalo mafundi hulitumia kwa uangalifu. Trekta linawekwa gia kubwa, breki zinashikwa sawasawa au plau inazamishwa kwenye udongo mkavu, injini inawekwa mizunguko ya chini, kisha pedeli inaachiwa taratibu. Klachi nzima itaizima injini pale pale. Inayoteleza itaiacha iendelee kunguruma. Hufanywa mara moja, na eneo la mbele liwe wazi, maana kila jaribio linaichoma sahani zaidi. Anayelirudia mara tano ili tajiri ashuhudie anaweza kuwa amemaliza klachi iliyokuwa na msimu mmoja uliobaki.

Tatizo la pili huja na malalamiko mengine: gia inakataa kuingia. Mafundi husema klachi haikati. Giaboksi ya kawaida ya 135 ina gia 6 za mbele na 2 za nyuma, nayo ni ya zamani kweli; meno huteleza na kuingiana moja kwa moja, hayana kitu cha kuyalinganishia mwendo kama yale ya magari. Yakikutana huku shafti inazunguka, yanasagana kwa kelele. Mzee huwasha injini, huiacha mizunguko ya chini, hukanyaga pedeli hadi mwisho, na kungoja. Kungoja huku ndiko vijana hukuruka. Shafti na gia zake huchukua sekunde chache kusimama hata kama klachi imekata vizuri. Baada ya kungoja, anajaribu gia ya nyuma. Ikiingia kimya, klachi ni nzima, na dereva ndiye ana haraka. Ikisaga, shafti bado inaendeshwa na kitu. Anazima injini na kujaribu tena: gia ikiingia laini injini ikiwa imezimwa, giaboksi haina kosa, na mshtakiwa ni klachi.

Lakini ni nini ndani ya klachi? Kwanza anarudi kwenye pedeli, kwa mkono. Mchezo ukiwa mkubwa mno, mguu unafika chini kabla vidole havijabonyezwa vya kutosha, na dawa ni marekebisho. Mchezo ukiwa sahihi, anaangalia fimbo, pini na bushi za pedeli: pini iliyolika inakula safari ya mguu kidogo kidogo. Yote haya yako nje, yanaonekana, yanashikika. Ndani kuna sahani iliyopinda, kidole kilichovunjika, pailoti beringi iliyokwama, ile beringi ndogo katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti. Ikikwama, inaizungusha shafti hata sahani ikiwa huru. Na kuna kutu.

Kutu inahitaji maelezo kwa sababu huwapata wengi. Trekta likiegeshwa nje masika nzima, unyevu huingia kwenye nyumba ya klachi, flaiwili inashika kutu, na lainingi zinagandia chumani. Msimu unaofuata injini inawaka vizuri, pedeli inashuka vizuri, lakini gia haiingii hata kwa nyundo. Fundi asiyeuliza trekta lilikaa wapi atalikata vipande viwili akute klachi isiyo na kasoro. Anayeuliza ataipasha moto injini, ataizima, atafungia pedeli chini kwa kipande cha mbao na kuiacha usiku kucha. Isipoachia, atalipeleka uwanja mtupu usio na mtu mbele, aliwashe likiwa ndani ya gia huku pedeli imekanyagwa, na kugusa breki hadi sahani ibanduke kwa mshtuko. Ni kazi ya mtu makini na si ya kufanyia karibu na nyumba. Kinga yake haina gharama yoyote: trekta likilazwa kwa miezi, pedeli ifungiwe chini kwa mbao, na kuwe na paa juu yake.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kelele. Kuna beringi tatu mahali pale, zote hazionekani, na zote zikifa hulia karibu sawa. Kuzitofautisha kwa sauti peke yake ni bahati nasibu. Fundi mzuri hasikilizi tu kelele ikoje. Anasikiliza inaanza lini na inakoma lini, huku akijua kichwani ni kipi kinazunguka wakati huo.

Injini inawaka, gia iko huru, pedeli iko juu. Klachi imeshika, kwa hiyo shafti ya giaboksi inazunguka na beringi zake zinafanya kazi. Rilizi beringi imesimama, kwa sababu mchezo wa pedeli unaiweka mbali na vidole. Pailoti beringi nayo imetulia, kwa kuwa flaiwili na shafti vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Kelele ikisikika sasa, inatoka kwenye giaboksi.

Fundi anaigusa pedeli kwa mkono, kidogo tu, hadi mchezo uishe. Klachi bado imeshika, ila rilizi beringi imeshavifikia vidole na kuanza kuzunguka. Kelele ikizaliwa katika nukta hiyo, ikafa anapoondoa mkono, ni ya rilizi beringi.

Anakanyaga hadi chini na kuingiza gia. Shafti imesimama kabisa, flaiwili inazunguka. Beringi za giaboksi zimenyamaza, na pailoti beringi ndiyo kwanza inaanza kazi, kwa sababu sasa upande mmoja unakwenda na mwingine umetulia. Kelele inayokuja hapa tu, ambayo haikuwapo pedeli ilipoguswa kidogo, ni ya pailoti.

Hatua tatu, dakika mbili, mkono mmoja. Hakuna kifaa kilichotumika. Kinachotumika ni picha nzima ya mashine iliyo kichwani mwa mtu, sehemu kwa sehemu, ikizunguka na kusimama kwa zamu yake. Nimewahi kumwona mzee yule akifumba macho pedeli ikiwa nusu, na ninaamini kwamba alikuwa anaiona klachi waziwazi kuliko ambavyo angeiona ikiwa imefunguliwa mbele yake, kwa sababu ikifunguliwa imekufa, haizunguki, haisemi chochote kuhusu nani alikuwa analia.

Massey za zamani zilitoa zawadi nyingine kwa mtu anayejua kuuliza. Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, lilikuwa na klachi moja tu. Ukikanyaga, kila kitu kinasimama, hata pampu ya haidroliki inayoinua plau. Mwaka 1956 lilifuata FE35, na toleo lake la juu lilikuja na klachi mbili katika nyumba moja, mpangilio ambao 35 na 135 nyingi ziliurithi. Pedeli ikikanyagwa nusu, klachi ya kwanza inakata na trekta linasimama, lakini PTO, shafti ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta, na pampu vinaendelea. Ikikanyagwa hadi mwisho, ya pili inakata pia. Shafti ni mbili, moja imepita ndani ya nyingine.

Kwa fundi, hii ina maana kwamba anaweza kuzihoji klachi hizi moja moja. Akikanyaga nusu na kupandisha wenzo wa haidroliki, mikono ya plau inapaswa kuinuka huku trekta limesimama. Isipoinuka hadi pedeli iachiwe, aidha marekebisho ya klachi ya pili yamepotea au ni trekta la klachi moja ambalo mwenyewe aliuziwa kwa maneno mengine. Na wakati wa mavuno, trekta linapofungwa mashine ya kupukuchua mahindi, hali hugeuka: trekta halitembei, ila PTO inabeba mzigo wote. Mashine ikijazwa mahindi ikazimika huku injini inapaa, klachi ya PTO ndiyo inayoteleza, ingawa trekta hilo hilo litakwenda shamba likalime bila tatizo. Tajiri atasema klachi haina shida kwa sababu jana limelima. Mzee atamwomba alete mashine ya kupukuchua.

Ushahidi mwingine uko chini ya tumbo. Nyumba ya klachi ina tundu dogo upande wa chini, mara nyingi limechomekwa pini iliyogawanyika miguu miwili, inayotikisika njiani ili matope yasizibe. Wengi huliona na hawajui kazi yake. Mafuta yakiingia penye klachi kavu, hutokea hapo. Fundi hupitisha kidole, hutazama na kunusa. Mafuta meusi, mepesi, yenye harufu ya kuungua ni ya injini, yaani sili ya nyuma ya krenki imekufa. Kwenye injini ya Perkins ya silinda tatu iliyofungwa kwenye 135, sili hiyo ni ya kamba, nusu juu na nusu chini, na kuifunga vizuri kunataka uvumilivu wa kuikandamiza mahali pake kabla ya kukata ncha. Mafuta mazito ya rangi ya dhahabu, au yaliyogeuka meupe kama maziwa kwa kuingiwa na maji, ni ya giaboksi, ambayo kwenye Massey ndiyo hayo hayo ya haidroliki. Hapo sili ya shafti ndiyo mbaya. Trekta linaloteleza, au linalotetemeka linapoondoka, mara nyingi litakuwa na unyevu katika tundu hilo. Na tundu likiwa limeziba kabisa kwa tope, fundi hulizibua kwanza na kungoja kuona kitakachodondoka.

Ikifika hapo na yote yakaonyesha kwamba ugonjwa uko ndani, basi trekta linafunguliwa, na mzee hufanya hivyo bila kusitasita. Kuna mambo mawili tu nitakayoyataja kuhusu kazi hiyo, kwa sababu ni ya maisha. Ekseli ya mbele ya trekta imening'inizwa kwenye pini katikati ili iyumbe shambani. Injini ikishatenganishwa na mwili wa nyuma inaweza kulala ubavu ghafla. Kwa hiyo kabari za mbao hupigwa pande zote mbili kati ya ekseli na mwili kabla bolti ya kwanza haijatoka. La pili ni vumbi. Lainingi za zamani mara nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kifukiwe.

Sehemu zikishatoka, fundi anazisoma ili kupata sababu. Presha pleti yenye rangi ya bluu imepata moto mkali, na dereva anaulizwa kama huendesha mguu ukiwa umepumzika juu ya pedeli. Lainingi zinazong'aa kama kioo zimeonja mafuta. Mikwaruzo ya duara kwenye flaiwili imeachwa na vichwa vya ribiti baada ya lainingi kuisha, na flaiwili hiyo lazima ipelekwe kwenye mashine ya kukereza kabla ya kugusana na sahani mpya. Vidole vilivyolika kwa urefu tofauti vinaeleza kwa nini klachi ilikuwa inatetemeka. Wakati mwingine anakuta sahani ilifungwa kinyume na fundi aliyetangulia, kitovu chake kirefu kikiwa kimeelekea flaiwili. Trekta hilo lilikuwa linasaga gia tangu siku lilipotoka gereji.

Kufunga ni kwa utulivu. Sahani inasawazishwa kwa kipande cha shafti ya zamani iliyotoka kwenye trekta lililokufa, nusu mbili zinasogezwa, na flaiwili inazungushwa kwa mkono hadi meno yakubaliane. Nyumba mbili zikikataa kukutana, mzee hazivuti kwa bolti kamwe. Anarudi nyuma na kutafuta kisicholingana, maana bolti itashinda, na kitakachovunjika ni chuma cha kusubu kisicho na duka Babati.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyomlipa mtu huyu. Desturi ya gereji zetu ni kulipia kilichofungwa: sahani mpya, beringi mpya, kazi ya kukata trekta. Aliyegundua kwamba tatizo lilikuwa nati ya pedeli huambulia soda na asante, na aliyefungua trekta zima bila sababu huondoka na fedha za wiki. Kwa utaratibu huo tunawafundisha vijana kukimbilia spana, na wazee wanaojua kusikiliza hawana la kuwarithisha kwa sababu halionekani lina bei.

Kwa hiyo, mwenye trekta, utakapopeleka Massey yako gereji msimu ujao, usimwambie fundi afunge klachi mpya. Mweleze linafanya nini, lini, likiwa na mzigo gani, na lilikaa wapi mvua zilipopita. Mpe muda alipande, alime nalo, aishike pedeli kwa mkono na kulitazama tundu la chini. Ikilazimu kulifungua, badilisha pailoti beringi, rilizi beringi na sili kwa wakati huo huo, kwani bei yake ni ndogo ukilinganisha na kulikata trekta mara ya pili. Na akikuambia kwamba klachi yako ni nzima, mlipe ada ya kazi kamili, hata kama hakulegeza ila nati moja.